Redio Bubu: Mtambo wa Wati Moja na Haki ya Mtaa Kusikika

Mhadhara wa umma



Kiswahili kina neno moja ambalo kila nikilisikia hunishtua. Mahali ambapo majahazi hutia nanga na kushusha shehena bila kuonwa na ofisa wa forodha tunapaita bandari bubu. Mahali ambapo daladala husimama na kushusha abiria pasipo na kibao tunapaita kituo bubu. Ukienda kwenye bandari hiyo utawakuta mabaharia na wachukuzi wakiitana. Ukienda kwenye kituo hicho utawakuta wapigadebe wanapaza sauti tangu alfajiri. Kelele zimejaa, lakini tunasema ni bubu, kwa sababu hazimo katika daftari la serikali. Kwa mantiki hiyohiyo, redio inayorusha matangazo bila leseni ni redio bubu, hata kama inasema usiku na mchana.

Wengine huiita redio ya maharamia, na jina hilo lina asili ya baharini. Machi 1964, kijana wa Ireland aitwaye Ronan O'Rahilly alianza kurusha muziki kutoka kwenye meli iliyotia nanga nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza. Redio yake, Radio Caroline, ilipata wasikilizaji wengi kwa kuwa BBC ilikuwa ikiwapa vijana muziki wao kwa saa chache mno. Agosti 1967 sheria ya Bunge ilizifanya redio za melini kuwa kosa la jinai. Septemba mwaka huohuo BBC ilizindua Radio 1, ikaajiri baadhi ya watangazaji walewale wa melini. Kisa hicho kinajulikana duniani kote, nami sitakikalia. Jioni ya leo nataka kuwapeleka kwenye redio ndogo zaidi, isiyo na meli wala matangazo ya biashara, iliyokuwa ndani ya nyumba ya mpangaji. Kwa maoni yangu, redio hiyo ndiyo iliyouliza swali kubwa kuliko zote.

Mji wa Lincoln, upande wa mashariki

Springfield ni makao makuu ya jimbo la Illinois, Marekani. Abraham Lincoln aliishi hapo kabla ya kuwa Rais, na hapo ndipo alipozikwa. Lakini mji huohuo una kumbukumbu nyingine. Agosti 1908 umati wa Wazungu uliwashambulia wakazi Weusi, ukaua watu na kuteketeza nyumba na maduka yao. Aibu ya tukio hilo, katika mji wa mtu aliyetia sahihi tangazo la kuwakomboa watumwa, ilichangia kuzaliwa kwa chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, mwaka uliofuata.

Miaka themanini baadaye, Weusi wengi wa Springfield walikuwa bado wanaishi upande mmoja wa mji, upande wa mashariki. Huko kulikuwa na nyumba za umma za kupangisha watu wa kipato cha chini zilizoitwa John Hay Homes, kwa jina la katibu wa Lincoln. Katika nyumba hizo aliishi kijana asiyeona, DeWayne Readus, ambaye baadaye alijiita Mbanna Kantako. Alikuwa amewahi kupiga muziki kwenye sherehe, na alikuwa mmoja wa walioanzisha Jumuiya ya Haki za Wapangaji, iliyodai matengenezo ya nyumba, usalama na heshima kutoka kwa mamlaka ya nyumba.

Jumuiya hiyo ilipata shida ambayo kila mwanaharakati wa mtaa anaijua: namna ya kuwafikishia watu habari. Kipeperushi kinachapishwa kwa fedha, na wakazi wengi hawakuwa na mazoea ya kusoma. Mkutanoni huja walewale. Magazeti na vituo vya redio vya mji vilifika mtaani hapo polisi walipokuja kukamata watu, kisha vikaondoka pamoja nao. Ndipo Novemba 1987, kwa vifaa vilivyogharimu takriban dola 600, Kantako na wenzake wakaanza kurusha matangazo kutoka sebuleni kwake. Mtambo wao ulikuwa na nguvu ya wati moja hivi. Redio waliiita WTRA, kwa herufi za jumuiya yao ya wapangaji.

Wati moja ni kitu gani? Balbu ya zamani iliyowasha chumba kimoja cha nyumba zetu ilikula wati sitini. Vituo vikubwa vya FM vya Marekani hurusha kwa makumi ya maelfu ya wati. Mtambo wa Kantako ulisikika kwa umbali wa kilomita moja na nusu hadi tatu hivi. Kwa kipimo cha mfanyabiashara wa matangazo, hiyo si redio.

Lakini hebu tuitazame ramani kama alivyoiona yeye aliyepoteza macho. Ubaguzi wa makazi ulikuwa umewarundika Weusi wa Springfield mahali pamoja. Ukuta uliojengwa kuwatenga uliwaweka karibu karibu kiasi kwamba wati moja ilitosha kuwafikia walio wengi. Ubaguzi wenyewe ulikuwa umemchorea eneo lake la matangazo. Kituo cha wati elfu hamsini kilihitaji kumpendeza kila mtu katika wilaya nzima; yeye alihitaji kusema na watu ambao angeweza kuwafikia kwa miguu.

Sebule iliyosikika

Ilirusha nini redio hiyo? Ilipiga muziki ambao vituo vya mji havikuupiga. Ilisoma vitabu hewani, sura baada ya sura, kwa ajili ya wasiosoma na wasio na fedha za kununua. Watoto wa Kantako na wa majirani walishika kipaza sauti wakatangaza. Familia nzima ilikuwa chumba cha habari. Redio ya polisi ilisikilizwa, na wakazi wakaambiwa magari ya doria yanaelekea wapi.

Zaidi ya yote, ilifungua simu kwa wakazi waseme yaliyowapata mikononi mwa polisi. Hapa lugha haikuwa laini. Kantako alisema kwa ukali, alitaja majina, na hakujali mizani ambayo sisi walimu wa uandishi wa habari tunaifundisha darasani. Sitaficha hilo, kwa sababu anayetaka kumpenda mpinzani aliyepangwa vizuri kama maua mezani hajamwelewa mpinzani. Mtu ambaye malalamiko yake hayajasikilizwa kwa miaka themanini haanzi kusema kwa kunong'ona.

Kwa mwaka mmoja na zaidi hakuna aliyemgusa. Ilipofika mwanzoni mwa 1989, baada ya wakazi kueleza hewani habari za kupigwa na polisi, mkuu wa polisi wa mji ndiye aliyelalamika. Aprili 1989 wakaguzi wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ijulikanayo kwa kifupi FCC, walifika mlangoni, wakamwamuru azime mtambo na kumtoza faini ya dola 750. Tuangalie mfuatano huo. Redio haikulalamikiwa ilipopiga muziki bila leseni. Ilipoanza kuwapa wakazi nafasi ya kusema habari za polisi, ndipo leseni ikakumbukwa.

Kantako aliuzima mtambo kwa muda mfupi. Kisha akawaita waandishi wa habari, akatangaza kwamba anaivunja amri hiyo kwa makusudi na mbele ya watu wote, akauwasha tena. Hawakumkamata. Faini hakuilipa. Redio ikaanza kurusha saa ishirini na nne, na kadiri miaka ilivyopita ikabadilisha majina: Black Liberation Radio, kisha African Liberation Radio, hatimaye Human Rights Radio. Ukiyafuata majina hayo kwa utaratibu unaona mtu anayepanua duara la wale anaowasemea: ameanzia kwa mpangaji, akapita kwa Mtu Mweusi, kwa Mwafrika, akafika kwa binadamu.

Leseni isiyokuwepo

Sasa wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini hakuomba leseni kama wengine?

Jibu ndilo kiini cha mhadhara huu. Leseni aliyoihitaji haikuwepo. Zamani Marekani ilikuwa na daraja la vituo vidogo vya elimu vya wati kumi, vingi vikiwa vya vyuo na shule. Mwaka 1978 FCC iliamua kuacha kutoa leseni hizo, na miongoni mwa walioshinikiza uamuzi huo walikuwa wakuu wa redio za umma, waliotaka masafa hayo yatumiwe na vituo vikubwa. Kiwango cha chini kikawa wati mia moja, na anayetaka kuanza alihitaji mhandisi, mwanasheria, mnara na mtaji ambao mpangaji wa nyumba za umma hana namna ya kuupata. Kwa hiyo mwaka 1987 hapakuwa na dirisha lolote katika ofisi yoyote ambapo mtu wa wati moja angeweza kupeleka fomu yake. Alikuwa bubu kabla hajafungua kinywa.

Wadhibiti wa masafa nao wapewe haki yao. Mawimbi ya redio hayana ukuta. Vituo viwili vikirusha kwenye masafa yaleyale, msikilizaji aliye katikati anapoteza vyote viwili. Mtambo uliotengenezwa vibaya, usio na kichujio, humwaga uchafu nje ya masafa yake, na juu tu ya mwisho wa bendi ya FM, megahezi 108, yapo masafa ya kuongozea ndege. Mtu yeyote anayerusha matangazo bila kujali hayo anahatarisha maisha ya wengine, na hakuna kauli mbiu ya uhuru inayoweza kumtetea.

Lakini hoja hiyo inahusu ufundi, na ufundi una majibu ya kifundi. Mawimbi ya FM husafiri kama jicho linavyoona: kimo cha antena na vilima vilivyopo ndivyo vinavyoamua yafike wapi. Ukitaka kuongeza umbali mara mbili, nguvu utakayohitaji ni angalau mara nne. Maana yake mtambo mdogo hufifia haraka, na masafa yaleyale yanaweza kutumiwa tena na mtaa mwingine usio mbali bila kugombana. Ukiwapa wadogo nafasi, hewa ileile inabeba watu wengi zaidi. Hofu ya kuingiliana ilikuwa na msingi, lakini ilivutwa mbali kuliko msingi wake.

Kutoka sebule moja hadi sheria

Habari za sebule ya Springfield zilisambaa. Hapa nawaomba wenzangu wa chuo kikuu tusikilize vizuri, kwa sababu kuna sehemu yetu. Katika mji huo kulikuwa na chuo kikuu cha Sangamon State. Mhadhiri wake mmoja, Mike Townsend, alikuwa rafiki na msaidizi wa Kantako tangu siku za jumuiya ya wapangaji. Mwingine, Ron Sakolsky, aliandika makala zilizoifanya redio hiyo ijulikane nchi nzima. Wasomi hao hawakujifanya wasemaji wa mtaa. Walikaa karibu, wakasaidia, wakaandika.

Mwaka 1993, California, fundi wa vifaa vya elektroniki Stephen Dunifer alianzisha Free Radio Berkeley. Aliongeza jambo moja kubwa: alifundisha watu kutengeneza mitambo, akauza vifaa vyake kwa bei nafuu. FCC ilimpeleka mahakamani. Mapema 1995 Jaji Claudia Wilken alikataa kutoa zuio la haraka, kwa kuwa hoja ya Dunifer kwamba kanuni zilikiuka uhuru wa kusema ilistahili kusikilizwa. Zuio lilikuja kutolewa mwaka 1998, lakini katika miaka hiyo mitatu redio ndogo zisizo na leseni zilichipua nchi nzima kama uyoga baada ya masika. FCC ilipozima moja, nyingine zilikuwa zimewashwa.

Ndipo serikali ikakubali kilichokuwa wazi. Januari 2000, FCC ikiongozwa na William Kennard, mwenyekiti wake wa kwanza Mweusi, iliunda daraja jipya la leseni kwa vituo visivyo vya kibiashara visivyozidi wati mia moja, vya mashirika ya kijamii, shule na makanisa. Wenye vituo vikubwa walipinga, na redio za umma za taifa zikaungana nao. Mwisho wa mwaka huo Bunge likapitisha sheria iliyobana mpango, hasa mijini, likaamuru pia utafiti ufanywe. Utafiti ulipotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba hofu ya kuingiliana ilikuwa imetiwa chumvi. Hata hivyo ilipita miaka mingine saba na zaidi, hadi Januari 2011, ndipo Rais Barack Obama alipotia sahihi sheria iliyofungua mlango kwa miji mikubwa. Leo redio ndogo za aina hiyo zenye leseni nchini Marekani ni karibu 2,000.

Na Kantako je? Nyumba za John Hay zilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Akahama na redio yake. Mwaka 2000, mwaka uleule leseni ndogo zilipozaliwa, maofisa wa shirikisho walifika wakachukua vifaa vyake. Alirudi tena hewani. Sheria iliyopitishwa mwisho wa mwaka huo ilikuwa na kifungu kinachomnyima leseni mtu yeyote aliyewahi kurusha matangazo bila kibali. Waliobisha hodi mpaka mlango ukafunguliwa ndio waliozuiwa kuingia.

Kwetu

Msidhani nimewapeleka mbali ili tuwashangae wengine. Mimi nimekulia kijijini. Redio yetu ilikuwa ya betri, ikiwekwa dirishani jioni ili na majirani wasikie. Ilitupa taarifa ya habari, mpira na taarabu, na niliipenda. Lakini jina la kijiji chetu nililisikia humo kwa namna moja tu: katika matangazo ya vifo. Mtu wa kwetu ilibidi afe ndipo nchi isikie kwamba kijiji chetu kipo.

Kabla ya redio, miji na vijiji vyetu vilikuwa na mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ndivyo walivyosema wazee. Pembe ile ilifika mpaka lilipoishia sikio la kijiji, na aliyeipuliza alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Akipuliza kwa uongo, kesho yake angekutana na watu kisimani. Nguvu ya sauti yake na wajibu wake vilikuwa na kimo kimoja.

Jambo hilo nilikuwa nikilifikiri kila niliposoma habari za redio nyingine, iliyo karibu nasi zaidi. Julai 1993, Kigali, ilianza redio ya RTLM. Ilikuwa na waanzilishi wenye fedha na vyeo, na ilikuwa na mkataba na serikali. Mwaka 1994 ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ikitaja watu na mahali walipo ili wakauawe. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. RTLM haikuwa bubu katika daftari lolote. Karatasi zake zilikuwa kamili. Kwa hiyo anayesema leseni pekee inatosha kutulinda na redio mbaya, na anayesema kila redio isiyo na leseni ni hatari, wote wawili waende wakasome hukumu ile.

Kinachotulinda ni redio ambayo msikilizaji anaweza kuiendea kwa miguu na kuidai maelezo, pamoja na sheria inayoadhibu uchochezi bila kujali mchochezi ana karatasi gani. Redio za namna hiyo tunazo, na zina leseni. Terrat, wilayani Simanjiro, Redio Orkonerei imekuwa ikiwasemea wafugaji tangu 2002. Makueni, nchini Kenya, vikundi vya akina mama ndivyo vilivyosimamisha Redio Mang'elete mwaka 2004. Korogocho, Nairobi, vijana walianzisha Koch FM mwaka 2006, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Kila moja imezaliwa kwa jasho, na kila moja inahangaikia ada, umeme na vipuri kila mwezi.

Nami nasema waziwazi ninachokiamini: ugumu wa kupata leseni kwa watu wadogo ndio kiwanda cha redio bubu. Nchi inayotaka masafa yake yawe na utaratibu ianze kwa kuhakikisha kwamba mtaa, kijiji au kisiwa chenye watu walio tayari na mtambo salama kinaweza kuingia katika daftari kwa fomu fupi, kwa ada inayolingana na mfuko wake, na kwa Kiswahili. Aliyepewa njia halali halafu akaikataa, huyo tutamhukumu kwa haki. Aliyenyimwa njia, tukimwita haramia tunajihukumu wenyewe.

Wito

Nina maombi matatu, na baada ya hayo nitashuka jukwaani.

Kwa wadhibiti wa mawasiliano wa nchi zetu: tengeni daraja la leseni kwa mitambo midogo kabisa, na ada yake iwe ndogo kama mtambo wenyewe. Msingoje miaka ishirini na miwili ambayo Marekani ilipoteza.

Kwa chuo chetu: tunao wahandisi wanaojua kutengeneza kichujio, wanasheria wanaojua kujaza fomu, na waandishi wanaojua kuhakiki habari kabla ya kuitangaza. Mitaa iliyo nyuma ya uzio wetu haina hata mmoja wao. Naomba idara hizi tatu zikae pamoja muhula huu, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apimwe pia kwa mtaa alioutumikia.

Na kwenu majirani, mliokaa viti vya nyuma ingawa hakuna aliyewaambia mkae huko: sauti mnayo. Neno bubu liko katika daftari letu, na kulifuta ni kazi yetu sisi tunaoliandika.